Watoto wa Waliobaki

Kwa miaka tisa dada yangu mkubwa alivaa shingoni ufunguo wa stoo, kwenye kamba nyeusi ya kiatu. Watu wote wa nyumba ile ya wageni walimwita Mama Funguo, ingawa ufunguo wenyewe ulikuwa mmoja tu. Stoo ilikuwa mwisho wa korido ya chini. Ndani mlikuwa na mashuka, foronya, sabuni, balbu za akiba, na kwenye rafu ya juu kabisa makopo ya dawa ya kunguni. Dada alisafisha vyumba kumi na viwili vya chini, na ndiye aliyebeba pampu ya kupulizia dawa.

Mimi ni fundi seremala. Nilikuwa naitwa pale kitanda kikianza kulia au chaga ikivunjika. Si mtu wa maneno. Mama yetu alikuwa akisema dada alizaliwa na sauti yake na ya kwangu, mimi nilipokuja nikakuta zimekwisha. Wote wawili tuliishia darasa la saba. Lakini dada alikuwa mtu wa kuuliza. Hata kitanda alikuwa anakiuliza: "Leo tena umelegea? Jana si tulikubaliana?" Kisha ananigeukia mimi kama vile ndiye niliyekilegeza.

Mambo yalianzia chumba namba saba. Ilikuwa wiki ya wasahihishaji wa mitihani, na nyumba ilijaa walimu. Asubuhi moja mwalimu mmoja wa sayansi, mtu mrefu mwenye miwani, alifika mapokezi amekunja mikono ya shati mpaka kwenye bega. Mikono ilikuwa imevimba vidoti vyekundu, vitatu vitatu, vimejipanga kama vishikizo.

"Binti," alimwambia msichana wa mapokezi, "niliwalipia chumba. Sikujua na mimi ndiye chakula."

Mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Bosi, alikuwa amesimama palepale. Alijua kuwa chumba namba saba kilipulizwa dawa siku tano zilizopita. Akamwita dada. Mlinzi alikuwa mlangoni, mimi nilikuwa sakafuni natengeneza mguu wa kiti, na Mwalimu bado yuko na mikono yake nje.

"Mama," Bosi akasema, "mwaka wa kwanza dawa hii ilikuwa inaua mpaka unawazoa kwa kizoleo. Kweli si kweli?"

"Kweli, Bosi."

"Leo wanaiogea. Dawa ni ileile, kampuni ni ileile, kopo ni lilelile. Kilichobadilika ni mkono. Unatia maji, nyingine unaipeleka mtaani."

Dada, mwenye sauti mbili, alikosa hata moja. Bosi akanyoosha kiganja. "Ufunguo."

Akaanza kuuvua. Kamba ikanasa kwenye kitambaa alichofunga kichwani, na sote tukangoja huku anahangaika kuinasua. Hakuna aliyemsaidia. Hata mimi sikumsaidia, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Ulipotoka, Bosi aliuweka mfukoni akasema, "Jumamosi iwe mwisho wako hapa."

Hapo sauti ikarudi. "Bosi, leo ni Jumatatu. Mpaka Jumamosi mimi bado mfanyakazi wako. Na sitoki hapa na jina la mwizi."

Alikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, karibu na mabeseni ya kufulia. Nikamfuata na msumeno wangu mkononi, nikakaa ngazi ya chini. Mlinzi naye akaja kumpa pole.

"Mama Funguo, usijitese. Hawa kunguni wamezoea dawa, basi. Kama mimi na pilipili. Zamani nilikuwa nalia, siku hizi natafuna kama karanga."

"Ndiyo watu wote wanavyosema," dada akajibu. "Wamezoea. Sasa nikamwambie Bosi wamezoea? Atasema na mimi nimezoea kuiba."

Mwalimu akatokea mlangoni. Alikuja kuomba radhi. "Mama, mimi nililalamikia kunguni. Sikukulalamikia wewe."

"Najua, Mwalimu. Lakini wewe ni mtu wa sayansi. Nijibu hili moja. Kunguni anazoea dawa?"

Mwalimu akavua miwani akaifuta. Badala ya kujibu, akauliza: "Yule uliyempulizia mwaka wa kwanza, yuko wapi?"

"Alikufa. Nilimzoa mwenyewe."

"Aliyekufa atazoea saa ngapi?"

 Nilimwona dada anatazama beseni lenye povu kana kwamba jibu limezama humo. Mlinzi alitaka kusema kitu, dada akamnyamazisha kwa mkono.

"Ngoja," akasema. "Ngojeni. Hawakufa wote. Kila mara nilikuwa naona mmoja, wawili, wamebaki kwenye ufa. Nikasema hao hawajafikiwa, kumbe labda wamefikiwa wakahimili. Hao ndio waliozaa. Wale wengine watazaa vipi, wako kwenye kizoleo? Basi mwaka wa pili chumba kimejaa watoto wa waliobaki. Nikapuliza tena, wakafa wepesi, wakabaki wagumu, wakazaa tena." Akasimama wima. "Mwalimu! Hawa wa leo hawakuzoea kitu! Hawa hawajawahi hata kuwa na mzazi aliyekufa kwa dawa kabla ya kuzaa!"

Mwalimu alipiga paja lake kofi. "Mama, umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Wanafunzi wangu huwachukua mwezi mzima kulifikia hilo, na mtihani wa juzi wengi wameandika kama mlinzi."

"Mimi?" mlinzi akasema. "Basi wamefaulu."

Tulicheka, lakini dada alikuwa ameshakwenda mbali. Alitaka kujua wale wa kwanza kabisa walipata wapi ugumu. Mwalimu akamwambia hawakuutafuta. Walizaliwa nao, kama vile tumbo moja linavyotoa mrefu na mfupi. Mmoja ngozi yake nene kidogo, mwingine mwili wake unaivunja sumu upesi kuliko wenzake. Kabla ya dawa, tofauti hiyo haikuwa na faida yoyote, na hakuna aliyeijua. Dawa ilipoingia, ikawa ndiyo tofauti kati ya kuzaa na kutozaa. Na kunguni hana haraka ya ndoa wala mahari. Kwenye joto la vyumba vile miezi miwili inamtosha kutoka yai mpaka kutaga.

Dada akahesabu kwa vidole. "Miezi miwili! Miaka tisa! Basi hawa si wajukuu wala vitukuu. Ni vilembwe vya vilembwe." Kisha akasema polepole, "Na aliyewachagua ni mimi. Nimekaa miaka tisa nachekecha, nabakiza wagumu, nikidhani namaliza kazi."

Sasa ilibidi Bosi aone kwa macho yake. Dada alipanga mwenyewe namna ya kumwonyesha, pale pale kwenye ngazi. Bosi afungue kopo jipya kwa mkono wake, achanganye yeye, ili asiwepo wa kusema kuna maji ya wizi. Dawa hiyo wapate kunguni wa namba saba, na wapate pia kunguni ambao hawajawahi kuiona, wao wala mama zao wala bibi zao. Mwalimu akaongeza jambo moja: kila kundi ligawanywe, nusu wapate maji matupu, ili kama watakufa kwa kufungiwa tu, ijulikane.

"Wa namba saba ninao," dada akasema. "Hao wengine nitawapata wapi? Nyumba ambayo haijapulizwa hata siku moja." Halafu akanigeukia. "Mdogo wangu, nyumbani kwako unapuliza?"

Nikatazama msumeno.

"Nimekuuliza. Unapuliza?"

"Sijawahi," nikasema.

"Na unao?"

Mlinzi akainama kunichungulia usoni. "Mwangalie! Anao! Fundi wa vitanda vya watu!"

Ndivyo ilivyokuwa. Jioni ile, kabla jua halijazama, niligeuza kitanda changu nikawatoa kwenye viungio kwa brashi yangu ndogo ya vanishi, ishirini kwa hesabu, nikawatia kwenye chupa ya jemu. Mke wangu alisimama kando akishangaa. "Watu hupeleka zawadi kwa wifi yangu," akasema. "Wewe unampelekea hao."

Asubuhi ya Jumanne tulikuwa sote mapokezi. Juu ya meza kulikuwa na chupa nne za jemu, kila moja na kitambaa cheupe chini, na chachi ya kufunika mdomoni. Bosi alitaka kukataa, lakini walimu wa kusahihisha walikuwa wamezunguka meza na vikombe vyao vya chai, na mbele yao hakutaka kuonekana mtu anayeogopa chupa. Akafungua kopo. Akasoma maandishi, akapima vifuniko, akachanganya. Vitambaa viwili vikaloweshwa dawa, viwili maji, vikaachwa vikakauka.

"Kumi wa namba saba kwenye dawa, kumi kwenye maji," dada akasema, huku anawamimina. "Na hawa wengine vilevile."

Bosi akatia mkono kiunoni. "Hao wengine wametoka wapi? Nitajuaje hukuwatoa chumba hichohicho?"

 Dada aliniangalia. Nilijua akisema yeye haitakuwa na uzito, maana yeye ndiye mshtakiwa. Walimu wote wakanigeukia. Masikio yalinichoma.

"Kwangu," nikasema. "Kitandani kwangu. Sijapuliza dawa tangu nioe."

Mwalimu mmoja mzee akasema, "Na mimi kwangu wamo, fundi, usihofu," na kicheko kikanifunika mimi pamoja na aibu yangu. Bosi mwenyewe alifunga chupa kwenye kabati la mapokezi, akatia ufunguo wa kabati mfukoni.

Jumatano asubuhi alilifungua. Kwenye chupa mbili za maji wote walikuwa hai, wangu na wa namba saba. Kwenye dawa, kumi wangu walikuwa chali, miguu juu, hakuna hata mmoja aliyetikisika Bosi alipoigonga chupa. Kumi wa namba saba, mmoja alikuwa amekufa. Tisa walikuwa wanatembea juu ya kitambaa cha dawa kama watu wanaokwenda sokoni.

Bosi akaigonga tena. Wakaongeza mwendo.

"Dawa nimechanganya mimi," akasema, kama anajisomea.

"Wewe mwenyewe," dada akasema.

"Sasa kunguni wa fundi wanakufa, wa kwangu hawafi?"

"Wa kwako wamesoma, Bosi," mlinzi akasema.

"Hawajasoma," dada akajibu, na sauti zote mbili zilikuwa zimerudi. "Hakuna kunguni aliyejifunza kitu humu ndani. Waliozaliwa wepesi tuliwaua. Waliozaliwa wagumu tuliwaacha wazae. Tumefanya hivyo kila mwezi kwa miaka tisa, na mtoto hufanana na mzazi wake. Dawa yako haikuisha nguvu, angalia kunguni wa mdogo wangu. Mkono wangu haukuiba, angalia chupa uliyoichanganya. Chumba chako kimejaa watoto wa waliobaki. Na kwa nini tulibakiza? Kwa sababu ulisema tupulize chumba kilichopigiwa kelele tu. Mgeni wa namba saba akilalamika tunapuliza namba saba, wagumu wanahamia namba sita na namba nane wakakutane na wagumu wenzao. Tukawa tunawatafutia wachumba!"

Walimu walipiga makofi, wengine wanagonga vikombe kwa vijiko. Mwalimu wa miwani alikuwa ametoa daftari anaandika. Bosi akatoa ufunguo wa stoo mfukoni, akautundika kwenye msumari nyuma ya meza ya mapokezi.

"Ufunguo huo hapo," akasema, akaondoka.

Binti wa mapokezi akaunyakua, akamnyooshea dada. "Chukua, Mama Funguo."

"Urudishe kwenye msumari," dada akasema. "Aliuchukua kwa maneno, mbele ya watu. Ataurudisha kwa maneno, mbele ya watu. Mpaka siku hiyo nitakuwa nakuomba wewe unifungulie."

Nilidhani amepoteza akili. Kazi imerudi, anataka nini tena? Lakini yeye alikuwa amesema hatoki na jina la mwizi, na hakuna aliyekuwa bado ametamka kwamba yeye si mwizi.

Kunguni nao walikuwa bado wapo. Dada alimwendea Bosi akamwambia anataka vyumba vyote kumi na viwili vya chini vifungwe kwa pamoja, na hataki dawa. Anataka mvuke wa maji ya moto. Bosi alishika kichwa. Vyumba vitatu vitatu je? Hapana. Sita? Hapana, watahama. Mwishowe, walimu walipohamishiwa juu, akakubali siku nne.

Siku zile nne sijapata kuziona tena maishani. Dada aliazima kwa dobi wa mtaani mashine yake ya mvuke, yenye mpira mrefu. Mimi nilifungua kila kitanda mpaka kikawa mbao tupu, nikaupanga kila ubao ukutani, na yeye akapita na mvuke polepole, kiungio kwa kiungio, akisema, "Tokeni, tokeni, na mayai yenu." Mashuka yakachemshwa kwenye mapipa. Magodoro yakafungwa kwenye nailoni nyeusi, yakaanikwa juani mchana kutwa mpaka ukiyagusa unaunguza kiganja. Kila ufa nilioukuta nikauziba kwa unga wa mbao na gundi, nikaupiga msasa mpaka ukucha usiingie. Niliunda upya viungio vya vitanda vyote kumi na viwili, visiwe na pahala pa kujificha hata chawa.

Mchana Mwalimu alikuwa anashuka kula, anakaa juu ya pipa lililogeuzwa na kutusimulia. Alisema jambo lile dada aliloliona kwenye beseni lina wenyewe. Kulikuwa na mtu wa zamani aliyezunguka dunia kwa meli miaka mitano akikusanya ndege, wadudu na mifupa, akarudi kwao, akaanza kuwauliza wafuga njiwa jinsi wanavyochagua wa kuzalisha. Akaona kuwa dunia nayo huchagua, kwa njaa na baridi na maradhi, bila macho na bila kukusudia. Akakaa na wazo hilo kama miaka ishirini. Halafu akapata barua kutoka kwa mwenzake aliyekuwa visiwa vya mbali sana, ambaye alilifikia wazo hilohilo peke yake akiwa anaugua homa. Ndipo likatangazwa, kwa jina la wote wawili.

"Miaka ishirini!" dada akasema kutoka kwenye wingu la mvuke. "Mimi Bosi alinipa mpaka Jumamosi."

Kisha akauliza swali ambalo lilimfanya Mwalimu ashuke kwenye pipa. "Na mvuke je? Siku moja si atazaliwa wa kuhimili mvuke?"

"Kuchagua kunahitaji kitu cha kuchagua," Mwalimu akasema. "Kama hakuna hata mmoja aliyezaliwa na uwezo huo, hakuna wa kubaki. Wa kuhimili maji ya kuchemka mimi bado sijasikia. Lakini usiache ufa."

"Umesikia, fundi?" dada akanipigia kelele. "Usiache ufa!"

Baada ya wiki mbili tulirudia vyumba vyote, kwa ajili ya yai lolote lililokwepa. Vyumba vya juu vikafuata. Jumamosi nyingi zikapita, na ufunguo ukawa bado uko kwenye msumari. Kila asubuhi dada alimwomba binti amfungulie stoo, na kila asubuhi Bosi alimwona akiomba, akajifanya anasoma gazeti.

Msimu mwingine wa kusahihisha ulipofika, Mwalimu alirudi. Binti akampa chumba cha juu, chenye dirisha kubwa. Akakataa.

"Namba saba," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote.

Asubuhi iliyofuata nilikuwepo. Dada alinitumia ujumbe nije na nikajifanya nimekuja kukagua mlango. Bosi alikuwepo pia, mapema kuliko kawaida yake. Mlinzi alikuwa ameacha geti. Walimu walikuwa na vikombe vyao. Dada alisimama karibu na meza, mikono nyuma, nami niliona vidole vyake vinafinyana.

Mwalimu akatokea koridoni amevaa fulana bila mikono. Alitembea taratibu mpaka katikati, akanyoosha mkono wa kulia, akaugeuza, akanyoosha wa kushoto, akaugeuza. Halafu akakunja suruali mpaka magotini, akazunguka mara moja kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi cherehani. Hakuna kidoti hata kimoja.

"Nimelala," akasema, "mpaka nimechelewa chai."

Kelele zilizopigwa pale ziliwatoa wageni vyumbani. Zilipotulia, watu walimtazama Bosi. Akakohoa. Akaenda nyuma ya meza, akautoa ufunguo kwenye msumari, akaupangusa kwa shati lake.

"Nilisema maneno hapa," akaanza, "mbele ya watu hawa. Nilisema mama huyu anatia maji dawa, na anaiuza. Haikuwa kweli. Hajawahi kuniibia hata sabuni. Mimi ndiye niliyekosa." Akashusha pumzi. "Ni mwaminifu, na ana akili kuliko mimi. Mlinzi, umesikia?"

"Rudia hapo mwisho, Bosi."

"Nenda getini!"

Dada akainamisha kichwa, na Bosi akamvika kamba. Safari hii haikunasa, maana alikuwa amekivua kitambaa kabla.

Akanyanyua kichwa, akauweka ufunguo sawa kifuani, akatutazama mmoja mmoja. Kisha akageuka, akatembea korido yote mpaka mwisho, hakuomba ruhusa kwa mtu. Tukausikia mlango wa stoo unafunguka.

"Fundi!" akaita kutoka ndani. "Kaichukue mashine ya mvuke kwa dobi. Leo tunakwenda kwako."